Sikukuu ya Mtu wa Mwisho

Nikiulizwa ni sikukuu gani iliyo kubwa kuliko zote, jibu langu ni Jumapili. Wengi hutarajia niseme Krismasi, au Pasaka, au labda Jamhuri. Mimi nasema Jumapili ya kawaida, ile inayokuja kila wiki bila nguo mpya na bila nauli kupanda. Nimelisema hilo kwenye jumuiya yetu hapa Landless, Thika, na wenzangu wakanijibu kwamba Jumapili ni siku ya wiki tu, haistahili kuitwa sikukuu. Nataka nieleze kwa nini naamini ni sikukuu, na kwa nini naamini nyingine zote zinaitegemea.

Jibu la swali hili hutegemea mtu amesimama wapi, kwa hiyo niseme nilipo. Mimi ni fundi cherehani, Mkatoliki, mama wa watoto watatu. Nyumba yetu iko Landless, na kibanda changu cha kushona kiko Makongeni. Kabla ya kushona nilisimamia mashine za kusokota uzi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika. Mji wetu umezungukwa na mananasi na kahawa, na katikati yake ni viwanda: nguo, mafuta ya kupikia, vyuma, unga. Mitambo ya namna hiyo haizimwi kwa sababu ni Ijumaa Kuu. Anayeishi hapa hujifunza mapema kwamba kuna kalenda ya ukutani na kuna orodha ya shifti iliyobandikwa langoni, na kwamba hizo mbili hazisemezani.

Kiwandani sikukuu ilikuwa na bei. Amri za mishahara nchini zinataka mfanyakazi anayeitwa kazini siku ya sikukuu ya umma alipwe maradufu, nasi tuliyaita malipo hayo dabo. Desemba ikifika, wanawake walimfuata supavaiza wakimwomba awaandike Krismasi. Mmoja ana karo ya Januari, mwingine ana mama mgonjwa Kitui, mwingine landilodi ametishia kumfungia nyumba kwa kufuli. Niliomba pia, na nilipoandikwa nilishukuru. Sheria ile ni nzuri, maana bila hiyo tungefanya kazi siku hizo kwa malipo ya kawaida. Lakini niliona jambo ambalo linanisumbua hadi leo: mwenye haja kubwa zaidi ya kupumzika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiuza sikukuu yake. Wakubwa wa ofisini walikwenda makwao, wengine wakashuka Mombasa. Aliyebaki kwenye vumbi la pamba ni yule ambaye mgongo wake ulikuwa umechoka kuliko migongo ya wote.

Jambo la pili lilinifunza zaidi. Shifti zetu zilizunguka, na siku ya ofu ilizunguka nazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku hiyo tuliipata. Ofu yangu ikiangukia Jumatano, niliamka nyumba ikiwa tupu. Watoto wako shuleni, mume wangu yuko karakana, jirani yuko sokoni, kanisa limefungwa. Nilifua, nikalala, nikaamka, nikapika. Mwili ulipumzika. Lakini hakukuwa na mtu wa kupumzika naye, na polepole nikaelewa kwamba kulala ni jambo moja na kusherehekea ni jambo jingine. Jumapili watoto walipokwenda misa na baba yao, mimi nilikuwa kwenye mashine. Waliporudi wakila pamoja, mimi nilikuwa kwenye mashine. Hakuna dabo inayoweza kumrudishia mtoto mchana ule.

Mwanangu wa kwanza, alipokuwa akisoma historia chuoni, alinieleza kwamba dunia imewahi kulijaribu jambo hili kwa makusudi. Mwaka 1929 serikali ya Umoja wa Kisovieti iliifuta Jumapili na kuwagawia wafanyakazi siku za kupumzika kwa makundi, kila kundi na rangi yake, siku nne za kazi na ya tano mapumziko, ili viwanda visisimame hata siku moja. Kwa hesabu, watu walipumzika mara nyingi zaidi kuliko zamani. Lakini mume alikuwa na rangi yake na mke rangi yake, na malalamiko yakawa mengi. Mpango ule ulianza kulegezwa mwaka 1931, na mwaka 1940 wiki ya siku saba ikarudishwa, na Jumapili ndani yake. Wafaransa nao, katika mapinduzi yao, walianzisha mwaka 1793 wiki ya siku kumi yenye siku moja ya mapumziko, na Napoleon akaizika kalenda hiyo kuanzia mwaka 1806. Niliposikia habari ya wale watu wa rangi, niliwaonea huruma kama ndugu zangu. Nilikuwa nimeishi maisha yao Thika, bila mtu yeyote kutangaza mapinduzi.

Ndipo nilipoirudia ile amri ya siku ya mapumziko, ambayo sisi Wakatoliki tunaihesabu ya tatu na wenzetu wengi Waprotestanti ya nne. Imeandikwa mara mbili katika Biblia, na sababu inayotolewa ni tofauti. Katika kitabu cha Kutoka, watu waambiwa wapumzike kwa sababu Mungu alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, sababu ni nyingine kabisa: wapumzike kwa sababu walikuwa watumwa Misri na Mungu akawatoa. Na kabla ya sababu hiyo kuna orodha ya wanaopaswa kupumzika. Baada ya mwenye nyumba wametajwa watoto, mtumwa na mjakazi, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Kisha amri inarudi kwa mtumwa na mjakazi mara ya pili na kusema wazi kwamba lengo ni wao wapate pumziko sawa na bwana wao.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya amri hiyo, na mengi yalihusu kuhudhuria ibada. Ibada ni ya lazima kwangu na siipunguzi. Lakini Mungu aliyetoa amri ile aliangalia kwanza jikoni na zizini. Alijua kwamba bwana wa nyumba angepata nafasi ya kupumzika hata bila sheria, kwa kuwa bwana hupumzika mgongoni mwa wengine. Aliyehitaji kulindwa kwa amri ya mbinguni ni mjakazi. Kwa hiyo kipimo changu cha sikukuu nimekitoa hapo: sikukuu ni kubwa kwa kadiri inavyomfikia mtu wa mwisho. Ikiwa mtu wa chini kabisa katika nyumba, katika kiwanda, katika mji, hakupumzika, basi waliokula na kuimba wamepata karamu, na sikukuu bado haijafika.

Nyanya yangu hakujua kusoma, lakini aliishika elimu hii kuliko mimi. Alizaliwa Murang'a. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliitwa na wenzake kuchimba matuta kwa amri ya chifu, kazi ambayo wanawake wa Murang'a waliipinga hadharani. Kisha, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, familia yake ilihamishiwa katika kijiji cha lazima, na huko akachimba handaki la kuzunguka kijiji chenyewe. Aliniambia kwamba mle ndani siku zilipoteza majina. Mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu hajui Jumanne wala Alhamisi, anajua filimbi. Alipokuwa mzee alikuwa mkali kwa jambo moja: Jumapili jembe lisiguswe, na punda asifungwe mkokoteni. Jirani akija kumwazima punda siku hiyo alimwambia, "Huyu naye alikuwa Misri." Dini yake ilikuwa ya kweli, na ndani ya dini ile kulikuwa na mwili uliokumbuka.

Namkumbuka pia mwanamke mwingine kila ninapofikiria siku za taifa. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa mwezi Machi 1922, moja ya mambo aliyokuwa akiyapinga ni wanawake na wasichana kulazimishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Tarehe 16 Machi umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakaripia na kusonga mbele na wanawake wenzake. Polisi wakapiga risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 walikufa, na Nyanjiru alikuwa kati yao. Aliuawa katika mgogoro uliohusu nani ana haki juu ya jasho na siku za msichana wa kijijini. Tarehe yake haimo katika sikukuu za umma.

Katiba ya mwaka 2010 inataja siku tatu za taifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Ninaziheshimu. Hapa Thika tunasimuliwa habari za mti mkubwa wa mugumo ambao nabii Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa ukianguka utawala wa wazungu utakwisha, jinsi wakoloni walivyouzungushia chuma ili usianguke, na jinsi ulivyoanguka mwaka ule ule wa uhuru, 1963. Mtu aliyekulia karibu na hadithi hiyo hawezi kuisikia Jamhuri bila moyo kushtuka. Lakini siku za serikali huenda na serikali. Tarehe 10 Oktoba nimeijua ikiwa Siku ya Moi, kisha ikafutwa, kisha mahakama ikairudisha mwaka 2017, kisha ikawa Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira. Mama anayeuza mboga barabarani hapa Landless amefungua meza yake asubuhi chini ya majina hayo yote. Hakuna hata moja lililomwambia kaa.

Katika siku za serikali, ile iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni tarehe 1 Mei. Inatoka kwa wafanyakazi wa Marekani waliogoma mwaka 1886, Chicago ikiwa mstari wa mbele, wakidai saa nane za kazi kwa siku, na hapa kwetu ina historia ya damu na kifungo. Ni siku hiyo, mwaka 1949, ambapo Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei, wote wawili walikamatwa, Nairobi ikagoma, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Siku hizi Leba Dei ni siku ya kusubiri rais atangaze nyongeza ya mshahara wa chini. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 12, na mwaka 2024 asilimia 6. Nilipokuwa kiwandani tulisikiliza hotuba hizo kwenye redio ndogo, mashine zikiendelea kuzunguka. Nyongeza ni muhimu. Lakini wale wa mwaka 1886 waligoma kwa ajili ya saa. Walitaka sehemu ya siku iwe yao, na dai hilo lina undugu na amri ya Kumbukumbu la Torati kuliko hotuba nyingi ninazosikia.

Sasa Krismasi. Naipenda. Tarehe 24 Desemba barabara ya Garissa hujaa matatu zinazokwenda Matuu, Mwingi na Kitui, na upande wa pili watu wanapanda kwenda Murang'a na Nyeri. Mtoto wa Landless akivalishwa nguo mpya anatembea kwa namna nyingine, na mimi ninayeshona nguo hizo najua furaha yake ni ya kweli. Habari yenyewe ya Krismasi ni ya mtu wa mwisho: mama asiye na chumba na wachungaji wa zamu ya usiku, ambao ndio waliopewa habari kwanza. Lakini pita kwenye ploti yoyote saa nne asubuhi siku hiyo uone nani ameinama juu ya karai la unga wa chapati. Nani anachochea jiko la makaa, nani anabeba maji, nani anaosha sufuria saa tatu usiku wageni wakiaga. Kwa mwanamke, Krismasi mara nyingi ni siku ya kazi ndefu kuliko zote za mwaka. Na kwa msichana wa kazi ni zaidi, maana wageni wa mwajiri wamekuja na watoto wao, na kwao mwenyewe, Kakamega au Makueni, atakwenda Januari, wengine wote wakiwa wamekwisha kuondoka.

Pasaka ndilo pingamizi kubwa dhidi yangu, na nalichukua kwa uzito. Katekista wetu aliniuliza, "Mama, bila ufufuko imani yetu ni bure. Utawekaje Jumapili juu ya Pasaka?" Nilimjibu kwa mafundisho ya Kanisa letu wenyewe. Wakristo wa kwanza walikutana siku ya kwanza ya juma kwa sababu ndiyo siku ya ufufuko, kwa hiyo kila Jumapili ni Pasaka inayorudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturjia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, siku nane kabla ya uhuru wetu, uliitaja Jumapili kuwa ndiyo sikukuu ya asili, na ukataka iwe pia siku ya furaha na ya kuacha kazi. Sijaishusha Pasaka. Ninachokataa ni kuifungia ndani ya wikendi moja ya mwezi Machi au Aprili. Kwa lugha ya kazi yangu: sikukuu za mwaka ni vifungo, na Jumapili ni mshono. Kifungo kikidondoka nguo bado inavalika. Mshono ukifumuka hakuna nguo.

Hata Jumapili ilianza kwa kumwacha mtu nje. Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku hiyo na karakana zifungwe, lakini wakulima akawaruhusu waendelee na kazi, kwa hofu kwamba msimu ungewapita. Sababu ilikuwa ya maana. Hata hivyo nikiitazama kutoka Thika, namwona mtu wa shambani akibaki nje tangu sheria ya kwanza. Sheria ikishakuwa na mlango wa dharura, aliye chini ndiye husukumwa kupitia mlango huo.

Mtu ataniuliza: na wasio Wakristo? Na Wasabato? Swali hili si la mbali kwangu. Mmoja wa mafundi wangu wawili ni Msabato. Siku aliyoanza kazi aliniambia, "Mama, nitashona Ijumaa mpaka jua likikaribia kuzama, lakini Sabato usinihesabu." Jirani yangu mwenye duka la nafaka ni Mwislamu. Ijumaa adhuhuri anafunga nusu mlango, anakwenda msikitini, kisha anarudi kuuza. Alinieleza kwamba Sura ya Ijumaa katika Kurani inawataka waumini waache biashara mwito wa sala unaposikika, na sala ikiisha watawanyike wakatafute riziki ya Mungu. Kwao siku nzima ya kutofanya kazi haikuamriwa. Walichoamriwa ni kukata biashara katikati, papo hapo, faida ikiwa imekolea. Nimelifikiria hilo sana. Kuna unyenyekevu mkubwa katika kumwacha mteja mlangoni kwa sababu umeitwa na aliye mkubwa kuliko mteja.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 14, aliwaandikia Wakristo waliokuwa wakigombana juu ya swali hili hili, mmoja akiona siku moja ni bora kuliko nyingine, mwenzake akiona zote ni sawa. Hakuwachagulia siku. Aliwataka kila mmoja awe na hakika katika moyo wake na asimhukumu mwenzake. Kutoka hapo napata wajibu wangu: siku yangu naishika, na siku ya jirani nailinda. Nchi yetu imejifunza hilo kidogo kidogo. Sheria ya Sikukuu za Umma inaifanya Idd-ul-Fitr kuwa ya wote, na inawatengea Waislamu Idd-ul-Azha na Wahindu Diwali. Wanafunzi Wasabato walipolazimishwa kusoma au kufanya mitihani Jumamosi, kanisa lao lilikwenda mahakamani. Lilishindwa katika Mahakama Kuu, kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki ya kushika siku yao. Nilifurahi kama niliyeshinda mwenyewe, kwa sababu mtoto wa shule mbele ya ratiba ya mwalimu ni mtu wa mwisho pia.

Yote haya yangekuwa maneno kama nisingekuwa na watu chini yangu. Sasa ninao. Msimu wangu mkubwa ni sare za shule, na sare hudaiwa kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule mwezi Januari. Mzazi anakuja tarehe 2 akiwa na watoto watatu na pesa za mkopo, anataka sweta na kaptura kabla ya Jumatatu. Wakati huo Jumapili moja ya kazi inaweza kulipa kodi ya kibanda. Wenzangu sokoni hufungua, na siwahukumu, kwa kuwa najua karo inavyokaba. Mimi sifungui. Fundi wangu Msabato hupumzika Jumamosi, na Jumapili anashona nyumbani kwake akitaka, kwa hiari yake. Fundi mwingine, mama mwenye mtoto mchanga, ana Jumapili yake nzima, na siku hiyo simpigii simu kumuuliza kufuli iko wapi. Kuna wateja niliowapoteza. Wakati mwingine nimelazimika kukopa kwenye chama kufunga mwezi. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba kumpumzisha mtu kuna gharama, na kwamba gharama hiyo yapaswa kubebwa na aliye juu. Ikibebwa na aliye chini, tumerudi kwenye dabo.

Najua kuna kazi zisizosimama. Hospitali ya Thika Level 5 haiwezi kufunga wodi ya kina mama Jumapili, na ninapolala kuna askari wa usiku anayezunguka ploti yetu na tochi. Hao ndio watu wa mwisho wa Jumapili yangu, na kipimo nilichokitaja kinanihukumu mimi kwanza. Kwa hiyo jumuiya yetu imekubaliana mambo madogo. Muuguzi au mlinzi anayekosa misa anapelekewa ushirika na kutembelewa siku yake ya ofu, hata kama ni Jumatano, ili asikae peke yake kama nilivyokaa. Watoto wake wanalishwa kwetu akiwa zamu. Kwa njia hiyo Jumatano yake inakuwa na watu, na siku yenye watu inaweza kuwa sikukuu.

Kwa wenzangu wa Landless wenye msichana wa kazi nyumbani, nina ombi moja. Mwaka huu, kabla ya kupanga mbuzi na soda za Krismasi, mpeni kwanza Jumapili yake: siku nzima, kila wiki, mshahara bila kukatwa, na asiulizwe amekwenda wapi. Wenye nyumba wapike na waoshe vyombo siku hiyo. Tukiweza kufanya hilo mara hamsini na mbili kwa mwaka, Krismasi yetu itakuwa na haki ya kuitwa sikukuu, na binti yule ataimba wimbo ule ule tunaoimba sisi, kwa sauti iliyopumzika.